Nyumba ya ghorofa, kuanzia kiwanja hadi funguo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa zaidi na watu wanaojenga kwa fedha zao wenyewe, Dar es Salaam na miji mingine ya Tanzania: nyumba ya familia ya ghorofa, fremu za biashara zenye vyumba vya kupangisha juu, jengo la kikundi au la kanisa. Majibu yote yanazunguka jambo moja. Katika ujenzi, karibu kila kitu chenye uzito hufukiwa. Msingi hufukiwa na udongo, nondo hufukiwa na zege, mabomba hufukiwa na plasta. Kusimamia mradi ni kuhakikisha hakuna kinachofukiwa kabla mtu anayekijua hajakitazama na kuweka saini.

Mradi wa ujenzi hupitia hatua gani?

Huanza na wazo na upembuzi, yaani kujua unataka nini, kiwanja kinaruhusu nini na mfuko unabeba nini. Hufuata usanifu, vibali, kumpata mkandarasi, ujenzi wenyewe, makabidhiano, kipindi cha matazamio (muda ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro), kisha miaka mingi ya matumizi na matengenezo. Mara nyingi hatua hizi huingiliana. Usanifu wa umeme unaweza kuendelea huku msingi unachimbwa, ingawa si jambo la kulizoea.

Watu wengi hukimbilia hatua ya ujenzi kwa sababu ndiyo inayoonekana. Lakini maamuzi makubwa ya gharama hufanyika kwenye karatasi. Kuhamisha ngazi kwenye mchoro ni kazi ya mchana mmoja. Ukiihamisha baada ya slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, kumwagwa, utavunja zege, utakata nondo, na utamrudisha mhandisi apige hesabu upya kama kilichobaki bado kinabeba. Miezi miwili au mitatu ya kubishana juu ya michoro ni muda uliotumika vizuri.

Nimepata kiwanja. Nianze na ramani?

Anza na kiwanja chenyewe. Hakikisha nyaraka zake kwenye ofisi ya ardhi ya halmashauri, si kwa muuzaji na mjumbe peke yao. Mpeleke mpima akutafutie bikoni zote, yaani alama za mipaka, kisha soma matumizi yaliyoandikwa: makazi, biashara, au makazi na biashara. Ukijenga fremu kwenye kiwanja cha makazi bila kubadilisha matumizi, unajipalilia mgogoro.

Pima pia umbali. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa hadi mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bahari. Kiwanja kinaweza kuwa kikubwa kwa macho na kidogo sana kisheria.

Halafu udongo. Kwa nyumba ya ghorofa usikubali kina cha msingi kinachokadiriwa kwa kuangalia nyumba ya jirani. Yachimbwe mashimo ya majaribio, sampuli zipelekwe maabara, na mhandisi apate taarifa iliyoandikwa. Mfinyanzi mweusi huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na kwa mwendo huo unaweza kuupasua ukuta miaka michache baada ya kuhamia. Maeneo ya mabondeni, kama bonde la Msimbazi, maji yake hufika juu na mafuriko si ajabu. Kuyajua haya kabla ya kulipa kuna faida kubwa kuliko kuyajua baadaye.

Kuna ramani nzuri nimeiona mtandaoni. Nikiinunua inatosha?

Haitoshi. Hiyo ni picha ya vyumba. Haijui udongo wako, upepo wako, wala jua la mchana linaingilia wapi. Nyumba ya ghorofa inahitaji michoro ya msanifu, michoro ya mhandisi inayoonyesha nguzo, boriti, slabu na nondo zake, na michoro ya umeme, maji safi na maji taka. Itumie ramani ya mtandaoni kumwonyesha msanifu unachokipenda, basi.

Nahitaji vibali gani?

Kibali cha ujenzi cha halmashauri ndicho cha kwanza. Michoro iwe imesainiwa na wataalamu waliosajiliwa: wasanifu na wakadiriaji majenzi kwenye bodi yao, AQRB, wahandisi kwenye bodi yao, ERB. Mkandarasi husajili mradi kwenye bodi ya makandarasi, CRB, na masuala ya usalama wa wafanyakazi yako chini ya OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Majengo makubwa au ya biashara yatahitaji pia Zimamoto na tathmini ya mazingira kupitia NEMC, baraza la taifa la mazingira. Bango lenye majina ya wahusika wote lisimame mbele ya saiti kuanzia siku ya kwanza.

Nitumie fundi au mkandarasi?

Fundi mzuri wa mtaani ni hazina. Nyumba nyingi za chini nchini zimejengwa na watu hao, na zimesimama. Kwa ghorofa hali ni nyingine, kwa sababu kosa la chini hubebeshwa mzigo wa juu. Hapo tafuta mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Makandarasi wa majengo wako katika madaraja saba, la kwanza likiwa la juu, na kila daraja lina ukomo wa thamani ya kazi isipokuwa hilo la kwanza. Uliza mambo matatu: amesajiliwa kwa majengo au kwa kazi nyingine, daraja lake linaruhusu kazi ya ukubwa wa yako, na usajili wake uko hai mwaka huu. Yote haya yanaweza kuthibitishwa kwenye bodi.

Kuna mtindo unaonikera sana: kukodi jina. Bango linaandikwa mkandarasi na mhandisi, lakini hakuna hata mmoja wao anayekanyaga saiti. Kazi inaendeshwa na foromani aliyepewa michoro nusu. Mwenye jengo anaona ameokoa fedha, kumbe amenunua saini pasipo macho. Kwenye mkataba andika ni nani atakuwepo saiti, kwa siku zipi, na ni hatua zipi hazisogei bila yeye.

Na anayemkagua mkandarasi asilipwe na mkandarasi. Mhandisi msimamizi umtafute wewe, umlipe wewe, akuripoti wewe.

BOQ ni nini, na kwa nini nilipie kutengenezewa?

Ni jedwali la vipimo na gharama: kila kazi, kiasi chake, bei ya kipimo kimoja, na jumla. Hutengenezwa na mkadiriaji majenzi kutoka kwenye michoro. Bila hilo, wakandarasi watatu watakupa bei tatu za nyumba tatu tofauti, na huwezi kuzilinganisha.

Chukua mfano wa slabu ya mita za mraba 100 yenye unene wa milimita 150. Hiyo ni meta za ujazo 15 za zege. Kwa mchanganyiko wa 1:1½:3 (saruji, mchanga, kokoto), kila meta ya ujazo hula takriban mifuko 8 ya saruji ya kilo 50, kwa hiyo mifuko 120 hivi, kabla ya upotevu. Ukiwa na hesabu hii, mtu akikwambia slabu imekula mifuko 180, unajua una swali la kuuliza. Akikwambia imekula 80, swali ni zito zaidi.

Ongeza na fungu la tahadhari la karibu asilimia 10. Litahitajika, hasa chini ya ardhi.

Sina fedha zote. Naweza kujenga kidogo kidogo?

Ndivyo wengi wetu tunavyojenga, na hakuna ubaya wowote ikiwa umepanga mahali pa kusimama. Usisimame popote fedha inapoishia. Simama msingi ukiwa umekamilika na kufukiwa vizuri, au slabu ikiwa imemwagwa na kumwagiliwa, au paa likiwa limefunika kuta. Kuta zilizoachwa wazi misimu miwili ya masika hunywa maji na kuliwa taratibu.

Nondo za nguzo zinazobaki zimechomoza juu ya slabu zikisubiri ghorofa linalofuata ndizo zinazosahaulika. Karibu na bahari hewa ya chumvi huzila haraka. Zipakwe uji wa saruji au zifunikwe na zege hafifu la kuvunjika, na siku ya kuendelea mhandisi azipime unene. Nondo ya milimita 16 iliyotafunwa na kutu si ya milimita 16 tena. Saruji nayo usiirundike kungojea. Ikikaa miezi kadhaa kwenye stoo yenye unyevu huanza kupoteza nguvu hata kama mfuko haujafunguliwa. Nunua nondo na tofali mapema ukitaka, lakini saruji inunuliwe karibu na siku ya kazi.

Kesho tunamwaga slabu. Nikague nini leo?

Hili ndilo swali ninalofurahi zaidi kuulizwa, na ningependa liulizwe siku tatu kabla, siyo jioni ya mwisho. Slabu ile ya mita za mraba 100 ina uzito wa karibu tani 36 ikiwa mbichi, na kwa siku hizo za kwanza haijibebi hata kidogo. Inabebwa na mirunda, yaani nguzo za muda zinazosimamishwa chini yake. Kwa hiyo anzia chini. Kila mrunda usimame juu ya ubao mpana, siyo juu ya udongo uliofukiwa jana. Isukume kwa mkono, mrunda mmoja baada ya mwingine. Unaocheza upigwe kabari upya. Angalia kama imefungwa kwa mbao za kukatiza, maana mirunda iliyosimama peke yake bila kufungamana hulala kwa pamoja.

Panda juu ukiwa na mchoro wa mhandisi na tepu. Mchoro ukisema nondo za milimita 12 kila milimita 150, pima nafasi sehemu tano tofauti, hasa kwenye kona na karibu na ngazi ambako mafundi huchoka. Pale nondo mbili zinapounganishwa, zipishane kwa urefu aliouweka mhandisi. Kwa kawaida ni mara 40 hadi 50 ya unene, kwa hiyo nondo ya 12 hupishana sentimita 48 hadi 60. Chini ya nondo ziwepo biskuti za zege za milimita 25 hivi, ili zege lizizunguke. Nondo iliyolala juu ya mbao itaonekana kwa chini forma zikitolewa, na kutu yake haitachelewa.

Kisha nenda kwenye kibaraza kinachoning'inia. Pale nondo kuu ziko juu, si chini, kwa sababu kibaraza kikilemewa hupasukia upande wa juu. Siku ya kumwaga, watu wenye ndoo na toroli huzikanyaga mpaka zinalala chini kabisa, na zege likishafunika hakuna atakayejua. Nondo hizo ziwekewe viti vya chuma vya kuziinua, watu watandikiwe mbao za kupitia, na mtu mmoja apewe kazi ya kutazama kibaraza tu mpaka zege liishe.

Mabomba ya umeme na ya maji taka yawe yamefungwa na midomo yake imezibwa. Vaibreta, mashine ya kutikisa zege lishikamane, iwepo na ya akiba iwepo. Mhandisi asaini kwenye daftari la saiti ndipo mashine iwashwe. Asipofika, hamwagi. Hata kama kokoto zimeshashushwa na vibarua arobaini wameshakuja, hamwagi.

Na siku yenyewe ya kumwaga?

Tazama maji. Mfuko mmoja wa saruji unahitaji takriban lita 25, pungufu mchanga ukiwa umelowa. Zege likiwa zito vibarua huomba maji yaongezwe ili litiririke, na kila ndoo ya ziada hupunguza nguvu ya zege lote lililomo. Chumvi ni adui wa nondo, kwa hiyo mchanga wa baharini na maji ya kisima chenye chumvi visiingie saiti kabisa.

Zichukuliwe sampuli za zege kwenye vikasha vya mchemraba vya milimita 150 kila upande, zipelekwe maabara kuvunjwa siku ya 7 na siku ya 28. Zege la daraja la 25 linatakiwa kubeba niutoni 25 kwa kila milimita ya mraba siku ya 28, na siku ya 7 kwa kawaida huwa limefika kama theluthi mbili ya hapo. Likiwa chini sana siku ya 7, bado una muda wa kusimamisha kazi ya juu yake na kumwita mhandisi.

Mwagilia kwa siku 7 bila kuruka, zaidi ukiweza, na funika kwa magunia yaliyolowa wakati wa jua kali. Mirunda haitolewi kwa sababu fundi anaihitaji kwenye saiti nyingine. Mhandisi ndiye anayetoa tarehe, kati ya siku 14 na 28 kutegemea upana wa slabu, na kama kuna ghorofa jingine linajengwa juu yake, huenda ikabaki zaidi.

Nimlipe mkandarasi vipi?

Kwa kazi iliyofanyika na kupimwa. Kila mwezi, au kila hatua, mkadiriaji hupima, mhandisi huthibitisha ubora, ndipo hati ya malipo inatoka. Kwenye kila malipo huzuiliwa asilimia fulani, mara nyingi 10, inayoitwa fedha ya zuio. Kazi ya shilingi milioni 40 ikithibitishwa, unalipa 36, na 4 zinabaki. Nusu ya zuio hulipwa siku ya makabidhiano, nusu mwisho wa kipindi cha matazamio. Ukilipa yote siku ya funguo, simu yako haitapokelewa choo kitakapovuja.

Na wewe timiza sehemu yako. Mkandarasi asiyelipwa kwa wakati hupunguza vibarua, kisha hupunguza saruji. Miradi mingi niliyoona ikiharibika, mwenye jengo alikuwa na mkono kwenye uharibifu huo.

Mabadiliko yote yawe ya maandishi, yakiwa na bei na siku za ziada, kabla hayajafanyika. "Bosi alisema" ndiyo chanzo cha ugomvi wa mwisho wa mradi.

Kwa nini miradi huchelewa?

Fedha, mvua, mabadiliko, na kazi zinazosubiriana. Hiyo ya mwisho haieleweki vya kutosha. Katika kila mradi kuna mnyororo wa kazi ambao ukichelewa siku moja, mradi mzima unachelewa siku moja. Kazi nyingine zina nafasi ya kupumua.

Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji linaonyesha hili kwa ukubwa wake. Mkataba ulisainiwa Desemba 2018. Tuta kuu lisingeweza kujengwa mto ukiwa unapita palepale, kwa hiyo kwanza ulichimbwa mchepuko, na mto ukachepushwa Novemba 2020. Kujaza maji kulianza Desemba 2022, kisha mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja ikaanza kuwashwa kwa zamu kuanzia mapema 2024, ingawa mpango wa awali ulikuwa kumaliza Juni 2022. Huwezi kujaribu mtambo kabla ya maji, wala kupata maji kabla ya tuta, wala tuta kabla ya mchepuko.

Kwako wewe mnyororo ni mdogo lakini ni uleule. Msingi uishe kabla ya masika ya Machi, la sivyo utakuwa unapampu maji badala ya kujenga. Madirisha ya alumini hupimwa baada ya plasta, basi fundi wake apewe oda na tarehe mapema. Maombi ya umeme TANESCO na ya maji yasisubiri rangi ikauke. Uliza kila Jumatatu: wiki hii ni kazi gani ikikwama inatukwamisha wote?

Niko Muscat, fedha natuma kwa ndugu yangu. Nisimamie vipi?

Mtenganishe ndugu na usimamizi. Akusaidie kupokea nyaraka na kufuatilia halmashauri, lakini asiwe yeye mnunuzi, mlipaji na mkaguzi kwa wakati mmoja. Hata mtu mwaminifu huelemewa, na asiyejua nondo hawezi kukuambia zimepungua. Muajiri mhandisi kwa idadi maalumu ya ukaguzi, kila mmoja ukiwa kabla ya kufukia: shimo la msingi, nondo za msingi, nguzo, slabu, mabomba.

Picha za WhatsApp zina msaada zikiombwa vizuri. Usikubali picha ya mbali ya watu wakifanya kazi. Omba tepu ikiwa imelazwa juu ya nondo, namba zinasomeka, na kipande cha mchoro kando yake. Lipa muuza saruji na nondo moja kwa moja inapowezekana, na daftari la stoo lipigwe picha kila jioni.

Siku ya makabidhiano nifanye nini?

Usiende na shampeni, nenda na orodha. Fungua kila bomba kwa wakati mmoja, flashi kila choo, washa kila taa, mwaga maji kwenye sakafu ya bafu uone kama yanakimbilia kwenye tundu. Funga na ufungue kila mlango. Kasoro ziandikwe na tarehe ya kurekebishwa. Kipindi cha matazamio, miezi 6 au 12, kipitie angalau msimu mmoja wa mvua kubwa, kwa sababu paa hujulikana masika.

Dai michoro ya jengo jinsi lilivyojengwa kweli, pamoja na mabadiliko yote, majibu ya maabara, na daftari la saiti. Weka nakala mahali tofauti.

Miaka kumi imepita, nataka kuongeza ghorofa au kupanua duka la chini. Nimwite fundi?

Mwite mhandisi kwanza, ukiwa na michoro ile mkononi. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa bado linajengwa mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la Kariakoo lililokuwa tayari linatumika, likiwa na maduka na watu ndani, nalo likaanguka na kuua zaidi ya 20. Kumaliza ujenzi na kuhamia hakumalizi maswali ya usalama.

Nguzo na misingi ilipigiwa hesabu kwa idadi fulani ya ghorofa na matumizi fulani. Chumba cha kulala kikigeuzwa stoo ya vitenge au vigae, mzigo unapanda mara kadhaa bila tofali hata moja kuongezwa. Kutoa nguzo ili duka liwe pana, kuchimba chini ya msingi kupata nafasi ya stoo, au kuweka matangi ya maji juu ya slabu ambayo haikuandaliwa, yote hayo ni ujenzi mpya: yanahitaji hesabu, mchoro na kibali. Kama michoro ilipotea, mhandisi anaweza kutafuta nondo kwa vifaa vya kupimia, kutoboa sampuli za zege na kufukua msingi pembeni kuona kina chake. Kazi hiyo inagharimu, na wakati mwingine jibu lake ni kwamba jengo halibebi. Likiwa hilo, wapangaji waambiwe siku hiyohiyo, na mzigo uanze kushushwa kutoka juu.